Mofini ya maji kwa mgonjwa wa saratani nyumbani: inafanya nini, inakwama wapi, na kwa nini si kifo laini

Chupa ni ya plastiki, ukubwa wake unategemea kituo, na lebo ni ya famasi ya hospitali, mara nyingi imeandikwa kwa mkono. Ndani mna maji safi, unga wa mofini uliopimwa kwa mizani, na kihifadhi kidogo cha kuzuia ukungu. Baadhi ya vituo huongeza rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Dawa ni chungu kwelikweli, na mgonjwa atakunja uso, ila akishushia na juisi au uji hakuna kinachoharibika. Hiyo ndiyo bidhaa tunayoipima hapa, pamoja na huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, inayotakiwa kuandamana nayo, maana chupa bila huduma ni nusu ya dawa.

Nyuma yake kuna swali kubwa. Katika nchi kadhaa mjadala wa kifo laini, yaani mgonjwa kusaidiwa kufa kwa dawa, umeshaingia kwenye vitabu vya sheria: jimbo la Oregon nchini Marekani tangu 1997, Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada tangu 2016. Kwetu sheria iko upande wa pili kabisa. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na kifungu cha 216 cha Tanzania vinasema anayemsaidia au kumshawishi mwenzake ajiue anaweza kufungwa maisha. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua, yaani kifungu cha 226, kunakwenda kinyume na Katiba, lakini anayemsaidia mwenzake bado ana kesi ya kujibu. Kwa hiyo hapa mjadala hauendeshwi bungeni. Unaendeshwa kwenye korido ya wodi, shangazi anapomvuta muuguzi pembeni na kusema, "Hiyo mofini si ndiyo ya kummalizia?" Unaendeshwa pia chumbani saa nane za usiku, mgonjwa anaposema bora afe. Chupa hii imesimama katikati ya sentensi hizo mbili, na ndiyo sababu inastahili kuelezwa vizuri kuliko inavyoelezwa dirishani famasi.

Jinsi inavyofanya kazi, na saa zake

Mofini ya maji ikinywewa huanza kupunguza maumivu ndani ya nusu saa, hufika kilele baada ya saa moja hivi, na nguvu yake huisha baada ya saa nne. Namba hiyo ya saa nne ndiyo moyo wa matumizi yote. Mgonjwa hasubiri maumivu yarudi ndipo anywe. Anakunywa kabla hayajarudi, kwa sababu maumivu yakishapanda juu dozi ileile haitoshi tena kuyashusha.

Kwa saa zetu ratiba ni rahisi kushika: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Ni 12, 4, 8, halafu unaanza tena. Dozi ya saa 8 usiku wa manane haihitajiki kama ile ya saa 4 usiku imeongezwa mara mbili, na huo ndio utaratibu unaofundishwa sana katika huduma shufaa za Afrika Mashariki ili mgonjwa na mwuguzaji walale mpaka asubuhi. Kwa mzee dhaifu au mgonjwa wa figo daktari anaweza kukataa kuongeza maradufu, na akikataa afuatwe.

Kosa linalojirudia linaanzia hapohapo kwenye saa. Lebo ikiandikwa "10 AM" nyumbani husomwa saa kumi, na mgonjwa anakaa toka asubuhi mpaka alasiri bila dawa. Mwombe mfamasia aandike "saa 4 asubuhi" kwa maneno. Hilo peke yake limeshaokoa siku nyingi za wagonjwa ambao walidhaniwa mofini imewakataa.

Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii hii, dozi ya kuanzia huwa miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne. Mzee au mtu aliyekonda sana huanza na 2.5, na pengine kila saa sita. Maumivu yakichomoza kabla ya saa kufika, anapewa dozi ya ziada inayolingana na ile ya kawaida, kisha ratiba inaendelea kama ilivyokuwa. Dozi za ziada ziandikwe kwenye daftari: saa, kiasi, na maumivu yalikuwaje kwa kipimo cha 0 hadi 5 cha vidole vya mkono. Muuguzi anayekuja akikuta daftari hilo ataongeza dozi kwa hesabu, kwa kawaida asilimia 30 hadi 50, badala ya kubahatisha. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha wiki nzima.

Kipimo ni mahali pa kuwa mkali. Chupa ya kawaida ina miligramu 5 katika mililita 5, yaani mililita moja ni miligramu moja. Ipo pia chupa kali yenye miligramu 50 katika mililita 5. Kwa macho ya mtu aliyechoka chupa hizo mbili ni ndugu, na sifuri moja tu ndiyo inayozitenganisha, ilhali kikombe kilekile cha dawa kikimiminwa kutoka chupa kali kinabeba mara kumi. Rangi husaidia, Uganda, kwa mfano, kijani ni ile ya nguvu ndogo. Ila usitegemee rangi peke yake ukihama kituo au ukivuka mpaka. Kila unapopokea chupa mpya soma lebo kwa sauti mbele ya mfamasia: miligramu ngapi, katika mililita ngapi, na mgonjwa anywe mililita ngapi. Kama lebo imetaja mililita bila miligramu, au kinyume chake, irudishe ikamilishwe.

Kijiko cha chai cha nyumbani hakifai. Vijiko vya jikoni havilingani hata ndani ya droo moja. Tumia bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano. Mimina dawa kidogo kwenye kikombe safi, vuta hadi mstari, gonga bomba ili viputo vya hewa vipande juu, sukuma vitoke, soma tena mstari ukiwa umeuweka usawa wa macho, kisha penyeza taratibu ndani ya shavu la mgonjwa. Usichovye bomba lililotumika ndani ya chupa, na mgonjwa asinywe kwa kuweka mdomo chupani. Mate yakiingia, ukungu huota hata kama kihifadhi kipo. Dawa ikionekana na utando, nyuzinyuzi au ukungukungu, isitumike, na tarehe ya mwisho ya lebo iheshimiwe. Weka chupa mbali na jua na mbali na watoto, kwenye kabati linalofungwa. Kwa mtoto ambaye hana maumivu, kiasi kinachomtosha baba yake ni hatari.

Kinachowafanya watu waiache

Kinachowashinda wengi ni choo. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, na mwili hauzoei jambo hilo hata baada ya miezi. Mgonjwa anayeanza mofini bila dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo atafunga choo, atavimba tumbo, ataacha kula, na baada ya wiki familia itasema dawa imemzidishia ugonjwa. Bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, tangu siku ya kwanza, ndiyo kawaida, na dozi hupandishwa kadiri mofini inavyopanda. Mahali ambapo hakuna, wauguzi wa Uganda wamefundisha kwa miaka mingi mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kuanzia mbegu 5 hadi 30 kwa usiku mmoja. Maji na uji vinasaidia, ila havitoshi peke yake.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mgonjwa aliyefunga choo siku kadhaa anaweza kuanza kuharisha maji kidogokidogo. Hayo ni maji yanayopenya pembeni ya choo kilichoganda. Mtu akikimbilia duka la dawa na kununua dawa ya kuzuia kuharisha, anakaza fundo. Uliza kwanza: choo kamili cha mwisho kilikuwa lini?

Kichefuchefu huja kwa baadhi ya wagonjwa na huisha ndani ya wiki moja hivi. Metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku huwavusha wengi, isipokuwa utumbo ukiwa umeziba, na hilo aliamue daktari. Mwili kuwasha na mdomo kukauka si mambo makubwa, ingawa mdomo mkavu unahitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi mara kwa mara.

Usingizi unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndio unaozaa ile hofu ya "wamemmaliza". Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa hulala sana. Sehemu ya usingizi huo ni dawa. Sehemu kubwa ni deni la wiki nyingi za kukesha kwa maumivu. Mwite jina. Akifungua macho, akajibu, akanywa maji, akarudi kulala, huo ni usingizi wa kawaida. Asipoamka kabisa, na pumzi ukizihesabu kwa dakika nzima zikawa chini ya 8, hiyo ni dharura: usimpe dozi inayofuata, piga simu kwa timu yake au mpeleke kituoni, ambako dawa ya kupindua mofini, naloksoni, hutolewa kwa tahadhari. Kati ya hali hizo mbili kuna ngazi nyingi, na mgonjwa hupita usingizi mzito kwanza kabla pumzi haijaguswa. Ndiyo maana dozi inayopandishwa hatua kwa hatua, huku mgonjwa akiangaliwa, haimpeleki mtu kaburini. Maumivu yenyewe huchochea pumzi, na mwili huzoea athari ya mofini kwenye pumzi ndani ya siku chache.

Kundi moja linahitaji jicho la karibu zaidi, na Afrika Mashariki ni kundi kubwa: kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Uvimbe hubana mirija ya mkojo, figo zinadhoofika kimyakimya, na mabaki ya mofini yanayotakiwa kutoka kwa mkojo yanabaki mwilini. Dalili ni misuli kushtukashtuka, kuona vitu visivyokuwepo, kuchanganyikiwa, na usingizi unaozidi siku ya tano au ya sita ilhali dozi haijabadilika. Mkojo ukipungua, mweleze muuguzi mapema. Tiba huwa kupunguza dozi au kurefusha muda, saa sita au nane badala ya nne. Mwuguzaji asiyeambiwa hili atalaumu mofini, au atalaumu mkono wake mwenyewe uliompa mgonjwa kikombe.

Na mofini haiachwi ghafla. Mgonjwa aliyekwisha kuitumia wiki kadhaa akikatiwa kwa siku moja hutoka jasho, huharisha, hutetemeka, na maumivu humrudia kwa hasira. Watu huona hayo na kusema amekuwa teja. Sivyo. Ni mwili uliozoea dawa, na tiba ya mionzi ikishapunguza uvimbe dozi hushushwa polepole bila mgonjwa kuitamani.

Ukilinganisha na zinazouzwa dukani

Tramadoli ndiyo mpinzani wake mkubwa kwa sababu inapatikana kirahisi. Ni dawa nzuri kwa maumivu ya wastani, lakini kwa siku ina mwisho wa miligramu 400, na kupita hapo kuna hatari ya degedege. Familia nyingi hutumia fedha nyingi kwenye vidonge hivyo wakati mgonjwa alishavuka ngazi hiyo kitambo. Sindano ya pethidini haifai kabisa kwa maumivu ya kudumu: hudumu saa mbili au tatu, na mabaki yake huchokoza ubongo. Vidonge vya mofini vinavyofanya kazi saa 12 ni vya raha pale vinapopatikana, mradi visisagwe wala kutafunwa, kwani kidonge kilichosagwa humwaga dawa ya nusu siku kwa mkupuo.

Udhaifu wa mofini uko kwenye maumivu ya mishipa ya fahamu, yale yanayochoma kama moto au kupiga shoti ya umeme. Hapo huongezewa amitriptilini, kuanzia miligramu 12.5 au 25 usiku. Maumivu ya mifupa huhitaji ibuprofeni au diklofenaki kando yake kama figo na tumbo vinaruhusu, na mionzi, hata ya mara moja tu, hufanya kazi ambayo hakuna chupa inayoifikia. Anayesema mofini haikufaa kitu, mara nyingi alipewa mofini peke yake kwa maumivu yaliyotaka dawa mbili. Sifa moja wengi hawaijui: kwa dozi ndogo hupunguza ile hali ya kubanwa pumzi kwa mgonjwa wa mapafu au wa moyo uliochoka, hali inayoogofya kuliko maumivu.

Je, ni kifo laini kwa mlango wa nyuma?

Hapana, na sababu zake zinaeleweka bila kuwa mwanasheria. Kifo laini kina lengo la kufa: dawa hupimwa ili maisha yakome, na yasipokoma kazi imeshindikana. Mofini ya huduma shufaa hupimwa ili maumivu yakome. Yakikoma na mgonjwa akaomba chai, kazi imefanikiwa, na dozi haipandi tena. Ukitaka kujua nia ya aliyeandika dawa, tazama dozi: imeanzia chini, imepanda kwa hatua, na imesimama pale maumivu yalipotulia.

Mahakama na dini zimeliona hilo kitambo. Mwaka 1957, katika kesi ya Dk. John Bodkin Adams nchini Uingereza, Jaji Devlin aliwaeleza wazee wa baraza kwamba daktari ana haki ya kufanya yote yanayofaa na ya lazima kuondoa maumivu, hata kama huenda yakafupisha maisha bila kukusudia. Mwaka huohuo Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi kwa maana hiyohiyo, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inaruhusu dawa za maumivu kwa anayekaribia kufa mradi kifo hakitafutwi. Kwa Waislamu, aya ya 29 ya Surat An-Nisaa inakataza mtu kuiua nafsi yake. Haikatazi kutibu maumivu. Hili lina upande wa vitendo mwezi wa Ramadhani. Mgonjwa wa dawa ya kila saa nne akijilazimisha kufunga, hukosa dozi tatu za mchana, na ikifika Alasiri maumivu yamekwisha kuvunja ukuta. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Al-Baqara 184 na 185. Sheikh wa mtaa akiombwa aje kumwambia mgonjwa neno hilo kitandani, husaidia kuliko muuguzi kulisema mara kumi.

Sasa upande ambao watetezi wa huduma shufaa huupita haraka. Husemwa kwamba mofini ikienea, hakuna atakayeomba kufa. Ripoti za kila mwaka za Oregon haziungi mkono maneno hayo. Wanaotumia sheria ile hutaja zaidi kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya yaliyokuwa yakiwapa raha maishani, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na wachache kuliko hayo. Na wengi wao wanapata huduma za hospisi, yaani vituo vya huduma shufaa. Kwa hiyo chupa hii haimalizi mjadala wa kisheria. Inaondoa sababu moja, ile ambayo ni aibu kuiacha, na inawaacha watu wabishane juu ya zilizobaki wakiwa na akili tulivu. Kanada imelikubali hilo kwa sehemu: tangu 2021, mgonjwa ambaye kifo chake hakijakaribia hupimwa kwa siku zisizopungua 90, na sharti aelezwe njia nyingine za kupunguza mateso, huduma shufaa ikiwemo. Kwa msimamo wetu, nchi isiyoweza kumpa mgonjwa mofini haijafika mahali pa kumuuliza kama anachagua kufa, kwa sababu jibu atakalotoa litakuwa la maumivu.

Hivyo mgonjwa akisema "nataka kufa", usimkemee wala usimkimbilie na maneno ya imani kabla hujasikiliza. Muulize ni nini hasa kinachomshinda. Kama ni maumivu, tazama daftari na saa ya dozi ya mwisho. Kama ni "nimekuwa mzigo", hiyo si kazi ya mofini. Mwite yule ndugu ambaye mgonjwa anaogopa kumwelemea, wakae wawili. Kama hali chakula, halali usingizi, hataki kuona mtu na hakuna kinachomgusa hata maumivu yakiwa yametulia, huenda ni sonona, nayo ina tiba. Akizungumzia kujidhuru, funga dawa zote mahali mwenye funguo ni mtu mmoja, asiachwe peke yake, na timu ijulishwe siku hiyohiyo.

Huduma nyuma ya chupa

Dawa tunaisifu, mnyororo wa kuifikisha hatuusifu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata tani 0.1 tu. Unga wenyewe si ghali. Kinachokosekana ni mtu wa kuuagiza kwa wakati, famasi yenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, na mtu mwenye ruhusa ya kuandika dawa aliye karibu na kijiji.

Uganda imekwenda mbele kuliko wengi. Dk. Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice iliyofunguliwa 1990, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na dawa ikaanza kuchanganywa kwa vifaa vya kawaida kabisa. Leo taasisi hiyo hutengeneza mofini ya maji kwa makubaliano na Wizara ya Afya, na mgonjwa halipii. Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya mwaka 2004, kanuni ziliporuhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa kuandika mofini. Mgonjwa wa wilayani hahitaji tena kusafiri kumtafuta daktari ambaye hayupo. Rwanda nayo ilipitisha sera ya taifa ya huduma shufaa mwaka 2011.

Kenya ina mtandao mzuri wa hospisi, Nairobi, Mombasa, Nyeri, Eldoret na kwingineko, zenye wauguzi wanaojua kazi. Tanzania ina Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na Selian, Arusha, ambako kazi ya kuwafuata wagonjwa majumbani ina mizizi. Udhaifu ni ule wa kutegemea vituo vichache. Ndugu anapanda basi siku nzima kufuata chupa, anaambiwa daktari mwenye sahihi yuko likizo, au unga umekwisha. Kwa dawa isiyotakiwa kukatwa ghafla, huo si usumbufu mdogo. Hatua ya Uganda ya 2004 ndiyo tungependa kuiona ikiigwa kabla ya kitu kingine chochote.

Uamuzi wetu basi: kwa maumivu makali ya saratani, mofini ya maji ni chaguo la kwanza. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo au viungo, isiombwe. Haiendi pamoja na pombe wala vidonge vya usingizi ambavyo daktari hajavijua. Kabla hujatoka hospitali uwe na majibu ya haya: nguvu ya chupa na mililita za kila dozi, dawa ya choo, dozi ya ziada ni kiasi gani, namba ya simu inayopokelewa usiku, na chupa inayofuata inachukuliwa wapi na siku gani. Ifuate ikiwa imebaki dawa ya siku tano, siyo ya siku moja.

Mgonjwa akifariki na dawa ikabaki, irudishwe famasi ilikotoka pamoja na lebo yake. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria na haigawiwi. Jirani anaweza kuja baada ya arobaini kuomba ile dawa ya marehemu kwa ajili ya mama yake. Usimpe hata kidogo, kwa sababu dozi ya marehemu aliyeitumia miezi mitatu si ya mtu anayeanza leo. Mpe jina la kliniki, siku ya huduma shufaa, na jina la muuguzi wa kumwulizia.